Chai, Kahawa na Meno ya Kauri: Doa Huingia Wapi?

Siku ya mahari ya dada yangu, mama mdogo alikataa chai. Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi, ile ambayo kwetu Gitaza mgeni humiminiwa kabla hata hajaulizwa habari za njiani, naye akasema ameshiba. Ukaja urwarwa, yaani pombe ya ndizi, akasema anatumia dawa. Ikaja fanta, akaiweka chupa chini ya kiti na haikufunguliwa mpaka jioni. Anayezijua desturi za Burundi ataelewa uzito wa jambo hilo. Kinywaji kikikataliwa mara tatu wazee huanza kutazamana, maana huenda kuna neno kati ya mgeni na mwenye nyumba. Bibi yangu ndiye aliyeokoa hali kwa kusema kwa sauti: "Mwacheni, analinda meno yake ya faranga."

Meno hayo ni sita, ya mbele, ya juu. Mama mdogo anauza vitenge na amezunguka miji mingi. Miaka minne kabla ya siku hiyo alibandikwa vigamba vya kauri katika mji mmoja wa nje ya nchi. Sisi tunaosoma Kifaransa huviita faseti, wenzetu wa Tanzania husema vinia. Katika insha hii nitaviita vigamba. Daktari hukwangua uso wa jino kidogo, mara nyingi nusu milimita hivi, kisha hugandisha juu yake kipande cha kauri chembamba kama ukucha. Vilipokuwa vipya, mama mdogo alicheka hata pasipo kichekesho. Sasa kila kigamba kilikuwa na ufito wa kahawia kando ya ufizi, kama kikombe kilichovunjika kikaungwa. Ukoo ukakaa na kutoa hukumu: kosa ni la chai. Yeye akaikubali hukumu na kuanza kutumikia adhabu.

Mimi sisomi udaktari. Lakini swali la vinywaji na meno ya kauri ni swali la historia pia, na nadhani historia hiyo inatoa jibu tofauti na lile la ukoo wangu. Hoja yangu ni kwamba kauri ililetwa kinywani mwa binadamu kwa sababu ya kuogopa madoa, na kwa sehemu kubwa ilifaulu. Hata hivyo doa halikukoma. Lilihamia kwenye maungio, yaani kwenye gundi, kwenye ukingo, na popote ambapo mng'ao wa juu umekwanguliwa.

Kabla ya kauri kulikuwa na kiboko. Msomaji wa Bujumbura anamjua mnyama huyu, kwa kuwa usiku hutoka ziwani na kula nyasi karibu na nyumba za watu. Katika Ulaya ya karne ya 18, tajiri aliyeng'oka meno alichongewa mengine kwa jino la kiboko, kwa sababu ni gumu kuliko pembe ya ndovu na lina tabaka la nje linalofanana na jino la mtu. Katika karne ya 19 meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa Zanzibar pamoja na pembe za ndovu. Misafara iliyopita Ujiji, kusini mwetu kwenye ufuko uleule wa ziwa letu, ndiyo iliyopeleka pembe hizo pwani. Tukisoma historia ya misafara tunafundishwa kwamba pembe zilikwenda kutengeneza vifungo, vitana na vinanda vya watu wa Ulaya na Marekani. Ni mara chache tunaambiwa kwamba mali ya Afrika ilikaa pia midomoni mwao.

Jino la kiboko lilikuwa na kasoro moja kubwa. Ni kitu kilichokuwa hai, kwa hiyo huoza. Lilinyonya mate, divai na mchuzi; lilibadilika kuwa la manjano, kisha la kahawia, mwishowe likanuka. Waliokuwa na uwezo walibeba manukato na vipepeo ili mtu wa karibu asihisi harufu hiyo.

Hapo ndipo anapoingia mfamasia mmoja wa Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, aliyeitwa Alexis Duchâteau. Kazi yake ilimlazimu kuonja dawa alizochanganya, na meno yake ya kiboko yalifyonza rangi na harufu za dawa zote hizo. Mnamo mwaka 1774 aliangalia vyombo vyake vya kauri, ambavyo vilipokea dawa zilezile kila siku na vikioshwa vilirudi kuwa vyeupe, akajiuliza kwa nini asitengenezewe meno ya kitu hichohicho. Alikwenda kwenye kiwanda cha kauri. Majaribio ya kwanza yaliharibika kwa sababu kauri husinyaa inapochomwa, na meno yaliyosinyaa hayakai kwenye ufizi. Akashirikiana na daktari wa meno wa Paris, Nicolas Dubois de Chémant, aliyerekebisha mchanganyiko wa udongo, akachapisha maelezo yake mwaka 1788, kisha akapewa hataza na mfalme Louis wa 16. Wawili hao wakashitakiana juu ya nani mwenye wazo, na mfamasia akashindwa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto de Chémant alikimbilia London, akapata hataza nyingine na kununua udongo wa kauri kutoka kiwanda cha Wedgwood, kilekile cha vikombe vya chai. Mwaka 1811 mchoraji Thomas Rowlandson alimfanyia mzaha kwa kibonzo kinachomwonyesha daktari Mfaransa akiwa amempanua mdomo mama mmoja mnene ili mteja mpya aone bidhaa.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Jino la kauri halikubuniwa kwanza kwa ajili ya nguvu wala kwa ajili ya kutafuna. Lilibuniwa na mtu aliyechoshwa na madoa ya vimiminika.

Ushahidi wa pili unatoka Marekani, nao ndio ulionifanya nimpigie simu mama mdogo, kama nitakavyoeleza. George Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Meno yake ya bandia yalitengenezwa na John Greenwood wa New York kwa jino la kiboko. Mwishoni mwa mwaka 1798 Greenwood alipokea seti moja iliyorudishwa ili itengenezwe na akakuta imekuwa nyeusi. Akamwandikia Washington kwamba sababu ni divai ya Port, ama kwa kuyaloweka meno humo, ama kwa kuinywa. Divai ile, alieleza, ina uchachu, na uchachu huondoa mng'ao wa juu wa meno. Mng'ao ukishaondoka, rangi hupata njia. Akamshauri ayavue baada ya chakula na kuyaweka katika maji safi, au ayasafishe kwa brashi na chaki iliyosagwa laini.

Fundi huyu hakuwa na maabara, lakini maelezo yake yana hatua mbili zinazofuatana. Kwanza uso wa jino unaharibika, kisha rangi inaingia. Ukoo wetu uliiona hatua ya pili tu.

Hapa nijitahadharishe na kosa ambalo sisi wanafunzi hulifanya, la kudhani kwamba watu wote wa zamani walitaka meno meupe. Huko Japani wanawake wa heshima walipaka meno rangi nyeusi kwa karne nyingi, hadi serikali ya Meiji ilipoipiga marufuku desturi hiyo kwa watu wa tabaka la juu mwaka 1870. Kwenye pwani ya Waswahili tambuu ilitia midomo na meno wekundu, na sinia ya tambuu ilikuwa sehemu ya ukarimu wa nyumba. Bibi yangu mwenyewe ana meno ya kahawia na sijapata kumwona akiyaficha. Hofu ya doa ina mahali pake na wakati wake. Imekuzwa sana na picha, na hasa picha za sinema.

Maana vigamba vilizaliwa Hollywood. Ni kweli kwamba kabla yake Charles Land wa Detroit, babu mzaa mama wa rubani Charles Lindbergh, alikuwa amekwisha kutengeneza vifuniko vya kauri vya jino zima mwishoni mwa karne ya 19. Lakini wazo la kufunika uso wa mbele peke yake ni la Charles Pincus, daktari wa meno wa waigizaji wa filamu. Katika miaka ya 1930 alitengeneza vigamba vyembamba na kuvishikiza kwa unga uleule unaoshikiza meno ya bandia. Mwigizaji alivivaa mbele ya kamera na kuvivua kabla ya kula. Vigamba vya Pincus havikuweza kupata madoa ya chai kwa sababu havikukutana na chai hata siku moja. Kikwazo kilikuwa kukosekana kwa gundi ya kudumu.

Gundi ilikuja polepole. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, New York, alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huchimbika vijishimo visivyoonekana kwa macho na plastiki ikashika humo. Baadaye Rafael Bowen akatengeneza rezini ambayo mpaka leo ni msingi wa viziba meno vyeupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Simonsen na John Calamia walionyesha kwamba hata upande wa ndani wa kauri unaweza kuchimbwa vijishimo kwa asidi ya hidrofloriki, na rezini ikashika pande zote mbili. Kuanzia hapo kigamba kiliweza kukaa kinywani mchana na usiku, miaka kumi na zaidi.

Tuangalie kilichotokea. Duchâteau alifukuza doa kwa kuingiza kitu kisichonyonya. Miaka mia mbili baadaye, ili kitu hicho kiwe chembamba na kishike, ilibidi kuweka chini yake kitu kinachonyonya. Rezini ni aina ya plastiki, nayo huvuta maji kidogo kidogo. Gitaza imekaa kwenye barabara ya taifa namba 3, kati ya mlima na ziwa, na mwishoni mwa Machi 2015 maporomoko yalibeba nyumba na kuikata barabara hiyo. Anayeishi hapo anajua kwamba mlima hauanzi kuvunjika katikati ya mwamba. Huanza pale udongo ulipoegemea mwamba, maji yakishapita katikati yao.

Watafiti wa siku hizi wanapima jambo hili kwa njia ambayo nilipoisoma nilicheka, kwa sababu inafanana na jikoni kwetu. Huchukua vipande vya kauri vyenye unene wa nusu milimita hivi, hugandisha chini yake gundi ya meno, kisha huvizeesha. Kuzeesha ni kuvizamisha katika maji ya nyuzi 5, halafu ya nyuzi 55, kisha kuvirudisha, maelfu ya mara. Gale na Darvell walipendekeza mwaka 1999 kwamba mizunguko 10,000 ihesabiwe kuwa karibu sawa na mwaka mmoja wa kinywa cha mtu. Chai ya moto halafu fanta ya friji, mara elfu kumi. Kauri, gundi na jino havitanuki kwa kiasi kimoja vikipata joto, wala havisinyai kwa kiasi kimoja vikipoa, na kila mzunguko huyavuta maungio. Baada ya hapo vipande huloweshwa katika kahawa, chai, kola au divai nyekundu kwa siku au wiki kadhaa. Kisha chombo kiitwacho spektrofotometa hupima rangi kwa mfumo uliowekwa mwaka 1976 na Tume ya Kimataifa ya Mwanga: weupe na weusi, wekundu na kijani, manjano na buluu. Tofauti ya kabla na baada huwa namba moja. Ikiwa chini ya 1.2, watu wengi hawaioni; ikipita 2.7, watu wengi huona kwamba jino limeharibika sura.

Matokeo ya majaribio ya namna hii hayafanani kila mahali, lakini mwelekeo wake unaeleweka. Kauri iliyochomwa vizuri na kubaki na ngozi yake ya kioo hubadilika kidogo sana, hata ikikaa kwenye kahawa. Kauri iliyochongwa baada ya kuchomwa, kwa mfano daktari anapoirekebisha ili meno yaumane sawasawa, na isiposuguliwa tena mpaka ing'ae, hushika rangi zaidi. Gundi hubadilika kuliko kauri. Baadhi ya gundi, zile zinazokauka kwa kuchanganywa na si kwa mwanga peke yake, zina kemikali za jamii ya amini ambazo baada ya muda huchukua oksijeni na kuwa manjano zenyewe, hata kama mtu anakunywa maji tu. Na kwa kuwa kauri nyembamba hupitisha mwanga, kama kitambaa cha pazia, umanjano wa chini huonekana juu. Mtu atadhani kigamba kimechafuka, kumbe ni kilicho nyuma yake.

Hata kati ya vinywaji kuna tofauti. Um na Ruyter walichapisha mwaka 1991 utafiti juu ya rezini za kufunika meno na wakaona kwamba rangi ya chai hukaa zaidi juu, ambako mswaki unaweza kuitoa, lakini ya kahawa hukaa juu na pia hupenya ndani. Kwa hiyo kama ni lazima kumshitaki mmoja, chai ina wakili mzuri kuliko kahawa.

Ninaitaja kahawa kwa uchungu fulani. Katika milima ya Mumirwa juu yetu inalimwa, na wazee wanakumbuka habari za baba zao waliolazimishwa na utawala wa Wabelgiji, katika miaka ya 1930, kupanda miche na kuitunza, atake asitake. Nchi ikajengwa juu ya zao ambalo aliyelilima hakulinywa. Bibi alivuna kahawa tangu utoto na mpaka leo anakunywa chai, ambayo mashamba yake makubwa, kama ya Teza, yalianzishwa katika miaka ya 1960. Arabika iliyotoka mikononi mwa watu kama yeye inakunywewa Ulaya na Marekani, na baadhi yake, naona, inamiminwa juu ya vipande vya kauri katika maabara.

Kuna tukio jingine la Afrika Mashariki linaloonyesha jinsi tunavyokosea kumtafuta mwenye hatia. Kando ya barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi kuna mji uitwao Maji ya Chai, ulioitwa hivyo kwa rangi ya maji ya mto wake. Watu wengi waliokulia maeneo hayo ya Meru wana meno ya kahawia. Ni rahisi mno kusema: maji ya rangi ya chai yamepaka meno rangi ya chai. Lakini rangi ya maji haina kosa. Kosa ni la floridi, ambayo haina rangi hata kidogo. Inatoka katika miamba ya volkano ya mlima Meru, na kwenye vyanzo vingi vya huko inapita sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Inamdhuru mtoto wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi. Jino huota likiwa na kasoro yake tayari. Pale Ngurdoto, karibu na hapo, kikajengwa kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, na njia mojawapo iliyofanyiwa kazi ni kuchuja kwa mkaa wa mifupa.

Marekani nao walipitia ujinga huohuo. Frederick McKay alipofika Colorado Springs mwaka 1901 alikuta watoto wenye meno ya kahawia, na wenyeji walikuwa na maelezo yao: nyama ya nguruwe nyingi mno, maziwa mabaya, maji yenye chokaa. Ilichukua miaka 30 mpaka mkemia H. V. Churchill alipoikuta floridi majini, mwaka 1931. Kijana wa Meru akitaka leo kuficha doa la namna hiyo, kigamba chembamba kinachopitisha mwanga hakitamfaa peke yake. Itabidi kauri iwe nzito zaidi au gundi iwe na rangi ya kuzuia, na hapo tunarudi palepale, kwamba sura ya jino inategemea kisichoonekana.

Nirudi sasa kwenye barua ya Greenwood. Nilipofika kwenye maelezo yake ya mng'ao unaoondoka, nilisimama. Kama kauri ni ngumu hivyo, nani aliondoa mng'ao wa meno ya mama mdogo? Jioni hiyo nilimpigia simu.

"Mama mdogo, unayasugua na nini?"

Alinyamaza kidogo. "Kwani nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Alianza, akasema, mwaka wa pili, alipoona manjano kidogo kando ya ufizi. Mteja mmoja alimfundisha mkaa uliotwangwa na ndimu. Akasugua kila asubuhi, kwa nguvu, kwa mswaki mgumu. Wiki ya kwanza aliona weupe umerudi. Kisha ufito ukawa mpana, naye akaongeza mkaa. Ufizi ukaanza kupanda, na ukingo wa kigamba, ambao daktari alikuwa ameuficha chini yake, ukatoka nje pamoja na mstari wa gundi. Hapo ndipo alipoacha chai. Mkaa hakuuacha.

Greenwood aliagiza chaki iliyosagwa laini. Mkaa uliotwangwa kwenye kinu cha nyumbani una chembe kubwa na kali, na kwa kauri yenye ngozi ya kioo ni kama mchanga kwenye lenzi ya miwani. Uchachu wa ndimu nao haukuwa rafiki wa enameli iliyobaki. Sina haki ya kusema chai haikuhusika kabisa: rangi ya kahawia ilitoka mahali fulani, na mama mdogo alikunywa vikombe vinne kwa siku. Lakini chai iliingia kwenye mlango uliofunguliwa kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na nia ya kujisafisha. Na nyuma ya mkono huo naona ukimya wa aliyembandika, ambaye alimwambia kauri haichafuki na hakumwambia neno juu ya gundi, ukingo, mswaki laini, wala kurudi kila mwaka ili ukingo ukaguliwe na kung'arishwa.

Jambo linalonikera zaidi si rangi. Enameli haioti tena. Ile nusu milimita iliyokwanguliwa imekwenda, na meno yake sita yatahitaji kufunikwa maisha yake yote, awe na faranga au asiwe nazo. Washington aliweza kuvua meno yake na kumtumia Greenwood. Waigizaji wa Pincus walivua yao saa ya chakula. Mama mdogo ndiye wa kwanza katika historia hii niliyoisimulia ambaye hawezi kuvua.

Baadaye alikwenda kwa daktari mwingine, Bujumbura. Vigamba vinne vilionekana vinaweza kung'arishwa ukingoni na kubaki. Viwili, vya katikati, gundi yake imeachia upande mmoja na doa limeingia chini. Hivyo itabidi vitolewe na vitengenezwe upya. Alitajiwa bei, akaomba muda wa kufikiri. Mwezi uliopita alifika tena Gitaza, kwa matanga, na bibi akamletea kikombe kama vile hakuna kilichowahi kutokea. Mama mdogo alinitazama mimi kwanza. Nikamwambia anywe, na akimaliza asukutue kwa maji. Akanywa vikombe viwili. Bibi akaenda kumwaga mkaa uliokuwa kwenye kikopo nyuma ya mlango wa choo, ambao kumbe aliujua siku zote.